Minyororo Uliyoifunga kwenye Plau

Paskali,

Huna haya. Umenitumia picha ya gari lililopakwa rangi mpya, umeandika "mama cheki", shikamoo hamna. Marahaba basi, nimeichukua mwenyewe. Rangi nimeiona. Na nyuma ya gari nimewaona maksai wanalima, plau inavutwa kwa ile minyororo ya kufunga matairi ya gari yasiteleze kwenye tope. Umeiunganisha yote miwili. Usiniambie siyo yenyewe. Kulabu ile aliichomelea marehemu baba yako na imepinda kushoto.

Hamjambo hapo Nambis? Paulina anaendeleaje na mimba, miguu bado inavimba? Mimi ni mzima, magoti tu yanagombana na baridi. Dada yako Restituta ananivalisha nguo mpaka nakuwa kama gunia la mahindi, mjukuu ananicheka. Naandika kwa mkono kwa sababu simu unaikata nikianza kusema. Barua analeta mama mmoja wa Karatu anayerudi nyumbani.

Sasa sikia watu wa huku Norwei. Theluji ilikuwa haijaanguka hata punje, wao wameshaanza. Kila mwenye gari anatoa matairi yake, anafunga ya baridi, yana misumari midogo. Pembeni ya barabara wakachomeka fito ndefu. Nikamwuliza dada yako, "Hawa wanajenga zizi la nani?" Akasema, "Mama, theluji ikifunika, dereva wa greda ataijuaje barabara?" Kwenye kona kali wameweka sanduku la changarawe, yeyote anachota anamwaga penye utelezi.

Juzi tulipanda basi kwenda kuonyesha haya magoti. Chini ya kilima dereva akasimamisha. Ni mwanamke, ana mvi. Akashuka, akatoa minyororo, akapiga magoti kwenye barafu akaifunga. Sisi tumekaa. Hakuna aliyemwita mwoga. Mimi nilitaka kumwambia atuwahishe, Restituta akanibana mkono. Ndipo nikaitazama ile minyororo, nikaikumbuka yetu.

Wewe na mimi tunajua. Mvua za mwaka jana, siku ya kupanda, ulisema gari linahitaji minyororo. Ni mimi niliyesema funga kwenye plau, mbegu haingoji, kwani baba yako hakuushuka ule mteremko wa hapo nyumbani bila minyororo? Aliushuka kiangazi. Nilijua, nikasema hivyo hivyo. Gari likaenda ubavu mpaka korongoni, na mke wa katekista, aliyekuwa ndani, mpaka leo anakwenda kanisani kwa magongo. Siku naondoka alikuja kuniaga. Akanipa mayai. Afadhali angenitukana.

Mwaka huu siyo mke wa katekista. Ni mke wako. Mtoto anakuja katikati ya masika, na njia ya hospitali ni mteremko ule ule. Siku ya kulima ndiyo siku ya tope, haziachani. Najua utasema "nitaifungua ikihitajika". Utaifungua saa ngapi, maksai wako shambani na mwenzio ameshika ukuta? Na hayo matairi yana kipara kama babu yako. Rangi haishiki tope, Paskali. Pesa ya rangi ingenunua tairi.

Msalimie kwanza mkwe wangu Paulina. Msalimie shangazi yako wa Bashay, mwambie daktari wa huku naye kasema nitembee polepole, kana kwamba nilikuwa nakimbia. Mke wa katekista usimpe salamu za mdomo. Mpelekee yule kuku mweupe, useme ametoka kwangu.

Ni mimi mama yako, niliyeshushwa mteremko huo kwa machela ili uzaliwe.

Ukimaliza kusoma usiikunje barua, mpe Paulina naye aisome. Wewe nenda shambani ukafungue minyororo, uiweke chini ya kiti cha dereva, na isitoke hapo mpaka mvua iishe. Kesho nenda Gehandu kwa mjomba wako akupe kamba ya ngozi ya kuvutia plau, wafugaji hawaikosi. Asipokupa, chukua jembe ulime kwa mkono.