Nafasi Yako Juu ya Gurudumu la Kulia

Mtani wangu Kosmas,

Landrova yako imesimama kwa magurudumu yake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kabla hujauliza habari za watoto, na mkeo, shemeji Adelina, angekununia kama kawaida.

Ulipofariki tuliiacha pale nyuma ya banda, juu ya mawe, magurudumu ya nyuma yamevuliwa, vile vile ulivyoiacha siku kifua kilipokubana. Kuku wakahamia. Siku ya kuanua matanga mdogo wako Alanus alisimama mbele ya ukoo akasema chesisi imeoza pale inaposhikilia springi za nyuma, gari halina faida tena, likatwe liende kwenye chuma chakavu. Hakuwa na ubaya. Alisema kilichoonekana. Shemeji akasema gari hilo ndilo linalomshusha ziwani na maharage na kumpandisha na dagaa wetu wa usipa, na fundi anayelijua bado yupo. Wote wakanigeukia mimi, Mnyasa wa Kihagara kule ziwani, niliyekuja kuzika tu. Wazee wakaamua: kahawa ikimalizika kuchumwa na gari halijashuka Kihagara likarudi na mzigo, Alanus alikate.

Basi nikabaki hapa kwenu Matiri. Nilipogonga kwa nyundo, kishikio cha springi ya kulia kilimomonyoka kama udongo wa kichuguu. Cha kushoto kilikuwa kizima kwa sura tu. Nilikata ubovu mpaka nikafika kwenye chuma kinachong'aa, nikavuta kamba kutoka ekseli ya mbele, ile hila yako, ili vishikio vipya vikae mstari mmoja na gari lisije likatembea upande kama kaa. Bushi kuukuu, zile raba za kwenye ncha za springi, zilikataa kutoka kwa nyundo, nikazichoma. Raba ilinuka mpaka mama mkwe wako akafunga madirisha. Vile vipande vinavyoning'iniza springi kwa nyuma, ulivyoviita masikio, nimeweka vipya.

Ulikuwa huniachii nichomelee. Ulisema mikono ya Mnyasa imezoea samaki, inateleza. Nami nilikujibu kwamba Mmatengo akiona maji yaliyozidi beseni anamwita padri. Safari hii nimechomelea mwenyewe na hakuna aliyenitania. Kazi ilikuwa kimya mno, sikuipenda.

Ikafika zamu ya kukaza. Sheria yako naijua: bolti za springi hazikazwi gari likiwa hewani. Ukibana bushi springi ikining'inia, gari likishuka raba inajisokota, na kabla msimu haujaisha imechanika. Lishuke kwanza, lipokee watu, ndipo ukaze. Ndiyo maana uliita nyumba nzima ipande, shemeji mbele, mama mkwe na majirani kwenye mabenchi, na wewe mwenyewe nyuma kulia, juu ya gurudumu, ukipiga bati kwa kiganja. "Kaza, mtani. Tumeshakaa."

Nikaita watu. Walikuja, hata Alanus. Wakapanda kila mmoja mahali pake pa siku zote, na pako hakukaa mtu. Hakuna aliyeambiwa. Alanus na mwili wake wote alijibana upande wa kushoto kuliko kuigusa ile nafasi. Mimi nilikuwa chini, naona springi tu, nikakaza. Waliposhuka, Landrova ilikuwa imelalia kushoto. Kidogo, lakini wewe ungeiona ukiwa barabarani. Alanus akasema, kwa upole, chesisi imepinda, tuache. Nilikaribia kumwamini. Nikavuta kamba tena, mstari ulikuwa sawa. Nikakaa pale chini nikaitazama, ndipo nikaelewa kwamba tumelikaza gari na pengo lako ndani yake.

Nililegeza bolti zote. Nikawaomba wapande tena, na safari hii nikasema wazi kwamba nafasi ile isipokaliwa gari litaendelea kuinama, na likiinama litakatwa. Watu wakatazamana. Mama mkwe wako akainamisha kichwa. Alanus akasema tuweke gunia la mahindi. Shemeji akashuka mbele, akamwambia Alanus aende akakae mbele alipotoka yeye, akazunguka gari taratibu, akakaza kanga, akapanda nyuma kulia. Kisha nikasikia bati likipigwa kwa kiganja.

"Kaza, mtani. Tumeshakaa."

Sikuweza mara moja. Nilikuwa nimelala chali, spana mkononi, machozi yananiingia masikioni. Haya, nimesema, ingawa nilitaka barua hii iwe ya kazi tu. Nakukumbuka sana, Kosmas. Kisha nikakaza, kulia, kushoto, mbele na nyuma, kama ulivyonifundisha.

Juzi tulishuka Kihagara. Alanus ndiye aliyeshika usukani, shemeji kando yake akimwonya kwenye kila kona. Jana tumepanda na magunia ya usipa, na gari lilipanda bila kuinama upande, springi hazikugonga popote. Kahawa bado ipo mitini. Wazee wamelizunguka, wakachungulia chini, wakaenda zao kunywa. Na leo asubuhi nimemkuta Alanus yuko chini ya gari anapaka grisi masikio mapya. Hakuna aliyemtuma.

Kesho narudi ziwani. Chuma kipya kikishazoea mzigo bolti zitataka kukazwa tena, kwa hiyo nitapanda huku kila kahawa inapoanza kuiva. Nakuahidi sitakaza gari likiwa hewani, wala nafasi yako ikiwa tupu.

Pumzika, mtani. Shemeji ameshakaa.

Wako wa Kihagara,
Yohana