Nati ya Gitaa la Kijiji

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Kwedizinga hatujambo, mahindi yamebeba. Unauliza chuma kinachogonga ndani ya shingo ya gitaa lako ukikaze kiasi gani.

Enzi za Ujamaa tulikuwa na gitaa moja, mali ya kijiji kizima. Chuma cha shingoni kilipolegea kikaanza kugonga, kila aliyelishika aliikaza nati yake kidogo, akidhani wenzake hawajaigusa. Shingo ikapinda. Binti wa manamba mmoja, kibarua wa shamba la mkonge kutoka Korogwe, akakichomoa chuma, akakiviringishia nyuzi za katani, akakirudisha taratibu huku ametega sikio. Kugonga kukaisha.

Nikamuuliza amejuaje.

"Ninyi mnakaza tu, hakuna anayesikiliza."

Ndiye bibi yako huyo. Mpaka leo ananiambia hivyo hivyo.

Babu yako