Fungua Pazia, Bosi

Shoga, acha unachofanya! Dada yangu kamkomesha Bwana Popote!

Si unamkumbuka, yule bosi wake wa mtandaoni? Dada alimwomba ajira ya ofisini kwake ili apate kibali cha kuhamia nchini kwa huyo bosi, maana uhamiaji hawahesabu kazi ya kufanyia nyumbani. Akamcheka! "Kazi hii unaifanyia popote, huku uje kufanya nini?"

POPOTE! Dada akaacha kazi. Washindani wa bosi wa hukohuko wakamwajiri ofisini kwao, akahamia kimyakimya.

Leo mitambo ya Bwana Popote, ileile aliyoitunza dada, imezima. Kampigia dada kwa video, jasho linamchuruzika: "Niokoe, popote ulipo!"

Popote TENA!

Dada kamjibu, "Fungua pazia, bosi."

Kafungua. Ng'ambo ya barabara, dirishani kwa washindani, dada anampungia mkono.

Kisha akashusha pazia lake.