Mtu Niliyemkuta Kwenye Ghala la Majani, Mabamba

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kibondo, 21 Julai 2014

Jina: Loyce Mgaya
Umri: Miaka 31
Kabila: Mbena
Dini: Mkristo
Kazi: Mwalimu wa shule ya msingi
Makazi: Kibondo mjini, nyumba ya kupanga

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimeonywa niseme kweli tupu, nami nimekubali.

Nilizaliwa Njombe. Nilipangiwa kazi Kibondo mwaka 2012 na tangu hapo naishi peke yangu. Nafuga simbilisi sita. Ni wanyama wadogo wasio na mkia, wakubwa kidogo kuliko panya. Kwetu wanaishi jikoni, na mtu akipika wanalia kwa kuomba majani. Mimi siwali wala siwauzi. Nafuga ili jioni nikisonga ugali nisikie ile sauti. Majirani zangu wanawaita panya wa mwalimu, nami nimezoea.

Simbilisi asipokula majani makavu kila siku tumbo linamsumbua. Hapa mjini sikupata mtu anayeyauza, ndipo mwaka jana nikaelekezwa kwa Esteri, mkulima wa Mabamba. Namwita Mama Josepha, kwa jina la binti yake anayesoma sekondari Kasulu. Mama Josepha hukata majani kiangazi, huyaanika na kuyageuza mpaka yakauke, kisha huyafunga marobota kwa kamba za mgomba. Chumba changu kinavuja, kwa hiyo nikishanunua nayaacha kwake ghalani, juu ya kichanja, yasiguse udongo. Yakiguswa na unyevu yanaota ukungu, na majani yenye ukungu yanaua. Kila mwisho wa wiki nafuata kiasi kidogo.

Ghala hilo lilijengwa na mume wake, Sylvesta. Mama Josepha aliniambia kwamba mume wake aliondoka mwaka 2006 kwenda kutafuta kazi machimboni, na barua zake zilikoma mwaka uliofuata. Mke alitoa taarifa ya kupotea kwake hapa kituoni. Hakuwahi kuniambia kwamba amefiwa. Akimtaja, husema, "Baba Josepha hapendi uji wa moto," kama mtu aliyetoka asubuhi.

Mnamo tarehe 12 Julai 2014, siku ya Jumamosi, majira ya saa nne asubuhi, nilifika Mabamba kwa pikipiki ya kukodi. Mama Josepha hakuwepo. Alikuwa ameniarifu kwa simu kwamba anakwenda mnadani na kwamba nijichukulie mwenyewe. Dereva alibaki barabarani. Nilipofungua mlango wa ghala nilimkuta mwanamume ndani.

Alikuwa amechutama anafunga upya robota lililolegea. Viatu alikuwa amevivua na kuviweka kando ya mlango. Kwenye kona ya nyuma majani yalikuwa yamelala, inaonekana alilalia pale. Nilishtuka, lakini yeye alinisalimu kwa Kiha, kwa utulivu, "Mwakeye." Nikamwitikia. Nikamuuliza kama yeye ni kibarua wa Mama Josepha. Akasema, "Nasaidia kidogo."

Aliuliza majani ni ya ng'ombe gani. Nikamweleza kuhusu simbilisi. Alitabasamu, akasema machimboni aliwahi kuishi na Mkongomani mmoja aliyewafuga, akiwaita kobayi. Kisha alikaza fundo la robota, akauliza, "Josepha anasoma?"

Nikamjibu, "Yuko Kasulu, kidato cha kwanza."

Akasema, "Kasulu." Alirudia jina hilo mara ya pili, taratibu. Kisha akauliza, "Nani anamlipia?"

Nikasema, "Mama yake. Kwa majani haya na maharage."

Aliinuka. Alinibebea marobota mawili mpaka mlangoni. Nililiona kovu refu kwenye mkono wake wa kushoto, na vidole viwili vya mkono huo havikunjiki. Alisema, "Mwambie mwenye nyumba, majani ya kona ile yameingia unyevu. Ayaanike." Akasema anakwenda kijitoni kunawa. Nilimsubiri kwa kuwa nilitaka kumshukuru. Nilipoona anakawia nilitazama pale mlangoni, na viatu havikuwepo.

Dereva wangu alisema alimwona mtu akikatiza mashamba kuelekea barabara kuu, akitembea bila kugeuka nyuma.

Sikuondoka. Nilimlipa dereva aende, nikamngoja Mama Josepha mpaka saa nane mchana. Nilimsimulia kama ninavyosimulia hapa. Alitua kapu lake, akaingia ghalani, akaenda moja kwa moja kwenye kona ile. Aliyachukua majani kwa mikono miwili, akayanusa, akayavunja.

Akasema, "Mwalimu, haya ni makavu."

Nikamwambia, "Ndivyo alivyoniagiza."

Akasema, "Najua. Alitafuta neno la kuniachia, akakosa."

Hakulia mbele yangu. Aliyatoa majani yote ya kona ile, akayatandaza juani kama alivyoagizwa, akakaa kando yake. Nilikaa naye. Baadaye aliuliza kama mtu yule alikuwa amekonda. Nikasema ndiyo. Akauliza kama anakohoa. Nikasema sikumsikia akikohoa. Majani yale aliyarudisha jioni, na nilipotaka kununua wiki iliyofuata alinipa ya upande mwingine.

Ninafahamu kwamba shemeji yake, Didas, amepeleka shauri kwenye baraza la ardhi akidai kaka yake Sylvesta alishakufa na kwamba shamba pamoja na ghala virudi kwa ukoo. Hiyo ndiyo sababu Mama Josepha aliniomba nije kituoni. Tukiwa njiani leo alinisihi, "Sema tu yuko hai. Usiseme aliondoka mwenyewe." Nilimjibu kwamba nikipunguza maneno, hata yale ya kweli hayataaminika. Alitazama nje ya gari, kisha akasema, "Basi sema yote."

Nimeonyeshwa na askari picha ya ndoa ya Mama Josepha. Mwanamume aliyemo ndiye niliyemkuta ghalani, ingawa sasa ana mvi na amepungua mwili. Sina ugomvi na Didas wala sina undugu na Mama Josepha. Yeye ananiuzia majani. Pia ndiye mtu pekee wilaya hii anayeniuliza lini nitakwenda kwetu.

Haya ndiyo maelezo yangu, nimeyatoa kwa hiari, na nimesomewa nikayakuta yako sawa.

Sahihi ya shahidi: L. Mgaya

Maelezo ya mwandishi: Nimeyaandika mimi, WP Siti, saa sita mchana. Taarifa ya mtu aliyepotea inabaki wazi, na nakala imepelekwa barazani ili shauri la shamba lisimame mpaka atafutwe. Esteri alikuwa kwenye benchi la nje. Nilimjulisha hayo. Alishukuru, akaondoka, kisha akarudi kutoka getini kuniuliza kama ni kosa kisheria mtu kulala bila kufunga komeo la mlango. Nilimjibu si kosa.