Inauma Nikiketi

Busia,
4 Machi 1974

Kwa mke wangu Asio, Mama Rosebella,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Amukura, wewe, mtoto, na wazee wote wawili. Mimi napumua. Zaidi ya hapo nisikudanganye.

Leo ni siku ya kumi na saba tangu ufunge mzigo wako. Nilikuwa getini mpakani, navusha abiria kwa baiskeli kwenda upande wa Uganda. Kurudi, nikakuta jiko baridi na ile kadi ya kliniki juu ya meza. Asio, kadi hiyo naijua. Mara saba wameandika humo "kisonono" na mara saba wamenidunga. Narudia nilivyokwambia: sijalala na mwanamke mwingine, si Busia hii, si ng'ambo. Naapa kwa kaburi la mama yangu.

Yule dresa wa kliniki, mdunga sindano, hata hakunipima. Nilimwambia, "Daktari, pananiuma chini, panaungua." Kabla sijamaliza akacheka, akapaza sauti benchi lote lisikie: "Nyinyi watu wa boda! Teremsha suruali." Miaka mitatu nimekalia siti ya baiskeli toka asubuhi hadi jua kuzama, mtu mzima na gunia lake nyuma yangu. Nimeumia kazini, halafu naitwa mzinzi mbele ya watu! Nina hasira.

Rudi nyumbani tuongee.

Ni mimi mumeo,
Baba Rosebella


Amukura,
13 Machi 1974

Kwa Baba Rosebella,

Nimepokea salamu zako. Sisi wazima. Mtoto alikuwa na mafua, yamekwisha. Baba anasalimia kwa mdomo tu, moyo wake haumo.

Unasema una hasira. Mimi je? Ile kliniki iliniita pia. Umesahau? "Mke wa Wabwire wa baiskeli, ingia, wewe ndiye unapikiwa ugonjwa nyumbani." Wanawake wa benchi wakaangalia miguu yangu, si uso. Nilidungwa sindano tatu za ugonjwa ambao sikuwa nao. Ya mwisho iliota jipu, nikalala kifudifudi siku nne. Ndipo nikaondoka.

Lakini nimekuwa nikifikiri. Nilimuuliza sista mmoja mzee wa misheni bila kutaja jina lako. Akasema kisonono hakishindani na sindano saba namna hiyo, na mke wa mtu mwenye nacho angeona dalili. Mimi sijaona chochote. Kwa hiyo nakuuliza jambo moja, unijibu kama mtu mzima: panakuuma ukienda haja ndogo, au panakuuma ukiketi?

Baba anasema ukoo wenu ujiandae kuja kuchukua ng'ombe wao wa mahari. Jibu haraka.

Mama Rosebella


Busia,
20 Machi 1974

Mke wangu mpendwa,

Habari za huko? Mvua imeanza huku, barabara ya Matayos ni tope tupu. Mimi bado nipo.

Asio, umeniuliza! Tangu mwaka jana hakuna mtu ameniuliza swali hilo. Inauma nikiketi. Haja ndogo haina shida. Nikisimama inapungua, nikilala ubavu inapungua, nikiketi dakika tano ni kama nimekalia makaa, halafu moto unapanda ndani kama waya. Nakula nimesimama. Kanisani nasimama nyuma, mhubiri anadhani nataka kutoka. Vijana wa boda wameniita Askari wa Zamu.

Nimetafuta dawa kila mahali. Kule Sio Port kuna mganga alinichanja chale kiunoni akapaka unga mweusi, akaniambia ni kaka yangu ananiroga. Kaka yangu, aliyeninunulia hii baiskeli! Soko la Matayos jamaa mmoja aliniuzia chupa ya mizizi, nikahara siku tatu. Hawa wote wamekula jasho langu, na hakuna hata mmoja aliyeniacha nimalize sentensi. Ni wezi.

Sasa umejua ukweli, mwambie mzee. Njoo na mtoto.

Mumeo anayekusubiri,
Baba Rosebella


Amukura,
28 Machi 1974

Baba Rosebella,

Hatujambo. Hii itakuwa fupi.

Nimeisoma barua yako mara tatu, nikitafuta mahali ulipoandika juu ya sindano zangu. Hapapo. Umeandika juu ya mganga, juu ya mizizi, hata juu ya tope. Mimi nililala kifudifudi siku nne kwa sababu ya jina lako, nawe hujaniuliza hata kama jipu lilipona. Unalia kwamba watu hawakuulizi. Wewe umemuuliza nani?

Naamini hukutembea nje. Hilo nimeliamini, na nimemwambia baba. Lakini kurudi ni jambo lingine.

Asio


Malaba,
9 Juni 1974

Kwa Mama Rosebella,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini wewe na mtoto hamjambo, na wazee pia. Jipu lilipona? Lilikuachia kovu? Nilipaswa kuuliza zamani, na sina cha kujitetea. Nilikuwa naona maumivu yangu tu, yalijaa nyumba nzima. Walikudhalilisha kwa ajili yangu nami nikakuandikia habari za tope. Nisamehe.

Nimenyamaza miezi miwili. Barua yako ilinikuta siwezi hata kusukuma baiskeli. Nikakaa ndani. Kuna siku nilienda mpaka Mto Sio nikautazama vibaya, Asio. Aliyenikuta ni Osman, yule mwenye duka la mafuta ya taa. Alishuka mpaka pale niliposimama. Hakunihubiria. Alisema, "Wabwire, mbona huketi kabisa? Malaba kuna dereva wa lori, mzee Yahya, ana ugonjwa huohuo. Kesho twende kwake." Akanipakia nyuma ya pikapu yake, nikasafiri nimelala juu ya magunia.

Mzee Yahya aliniangalia nikishuka, akasema, "Usiniambie. Ni kama makaa, na ukisimama yanapoa." Nikalia mbele ya mtu nisiyemjua. Yeye anaendesha lori amekalia tyubu ya gurudumu iliyojazwa upepo nusu, ili pale panapouma pasiguse kitu. Alinitafutia nyingine, nami nimebaki hapa kwake. Asubuhi na jioni naketi ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, halafu yeye ananikanda nyonga na mapaja kwa mafuta ya simsim. Ana vidole kama koleo.

Kwa Yahya anakaa daktari mmoja, Daktari Ochom, aliyevuka kutoka Uganda na begi moja. Hajapewa ruhusa ya kufanya kazi hapa, kwa hiyo hatibu, anasikiliza tu. Swali lake la kwanza lilikuwa lako lilelile! Alisema kuna mshipa wa fahamu unaopita hapo chini, na siti ya baiskeli imeubana mpaka umekasirika. Si zinaa, si uchawi. Hakuniahidi kupona. Alisema huenda ukapoa kwa miezi, huenda nikaishi nao, lakini baiskeli nisiipande tena. Ameniandikia hayo kwenye karatasi, nakuletea ndani ya bahasha hii.

Kila Ijumaa baada ya swala tunakutana barazani kwa Yahya. Yupo pia Zilpa, fundi cherehani, aliyeumia wakati wa kujifungua. Mama mkwe wake anamwita mvivu kwa sababu hawezi kukalia kigoda. Tunasimama tu na chai mikononi, tunaambiana nini kimesaidia na nini ni uongo. Zilpa akisema jana palikuwa pabaya, hakuna anayecheka.

Nimeanza kazi tena. Napakia mzigo wa watu kwenye baiskeli, naivusha nikiisukuma kwa miguu. Ni polepole, lakini ni kazi.

Sikuombi urudi. Nilitaka ujue.

Wako,
Wabwire


Amukura,
2 Julai 1974

Kwa Baba Rosebella,

Salamu kutoka kwetu sote. Mtoto ameng'oka jino, anamwonyesha kila mpita njia. Jipu lilipona, kovu lipo. Asante kwa kuuliza.

Karatasi ya daktari nilimsomea baba. Akasema karatasi huandikwa chochote. Basi siku ya Alhamisi niliichukua, nikaenda Busia mwenyewe, kwenye ile kliniki. Nilikaa benchini mpaka zamu yangu. Dresa akauliza, "Unaumwa nini, mama?" Nikamwambia, "Siumwi. Soma hii, kwa sauti ileile uliyonitangaza nayo." Akasoma kimya. Nikamwambia, "Kwa sauti!" Akasema, "Huyu daktari wenu ni mkimbizi." Nikasema, "Mkimbizi aliuliza maswali. Wewe uliuliza nini?" Akasema kadi haifutwi, nitoke nisimsumbulie wagonjwa. Sikutoka. Nikaligeukia benchi, nikasoma mwenyewe toka mwanzo hadi sahihi. Akaita askari wa lango anitoe.

Sikushinda, usifikiri nilishinda. Kadi iko vilevile, na yule mtu bado anadunga watu mpaka leo. Ila nilipofika barabarani, mwanamke mmoja alinifuata mbio, jina lake Apio, ana mimba ya tatu. Akanishika mkono, akaninong'oneza, "Dada, hata mimi. Tangu nizae wa pili. Nimedungwa mara tano." Tulisimama hapo mpaka jua likageuka. Nimemwelekeza kwa Yahya. Mwambie Zilpa amtarajie Ijumaa.

Sasa yetu. Baba amekubali uje useme mwenyewe mbele ya wazee, Jumamosi ya tarehe kumi na tatu. Nikamwambia mapema kwamba hutaketi. Akaruka, "Mkwe asimame mbele yangu kama askari wa kodi? Hiyo ni dharau! Aketi kama wengine, au asije." Mjomba Ekwaro naye akadakia kwamba mwanamume asiyeweza kuketi kwenye kiti ana la kuficha.

Baba Rosebella, hapo niliona kliniki ileile, ila imeezekwa nyasi. Niliwaambia wote wawili: huyu mtu ameagizwa na kila mtu akae hapa, ateremshe suruali hapa, achanjwe hapa, na hakuna aliyemuuliza panauma wapi. Nyumbani kwa baba yangu yataisha. Baba hajasema nami tangu jana jioni. Mama amesema ataleta chai, basi.

Njoo. Ile tyubu iache Malaba, wasije wakapata cha kuchekea. Ukifika utatolewa kiti, utabembelezwa, kisha utakaripiwa. Usiketi hata kama ni baba anakuamuru. Nitakuwa nimesimama kando yako, na tutasimama mpaka wao wachoke kukaa.

Mkeo,
Mama Rosebella