Sahihi ya Ijumaa

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mguu umepungua kuvimba. Kama baba bado anabishana na daktari kuhusu kupumzika, mwambie kitinda mimba wake amesema akalale. Mimi mwili sijambo, ila chakula hakishuki. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata mwanya wa kunyamaza. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu yeyote.

Nilikwisha kukueleza habari za lile somo la kuhudumia jamii. Sisi wa ustawi wa jamii hatuhitimu bila kutimiza saa arobaini za kumhudumia mtu huko mitaani. Kila mwanafunzi ana daftari, na humo anaandika tarehe, saa alizokaa, alichofanya na alichojifunza, kisha pembeni anasaini yule aliyehudumiwa. Mhadhiri wetu hulisifu akisema ni kioo cha moyo. Sisi tunaliita daftari la nimejifunza, kwa kuwa lazima uwe umejifunza kitu hata kama ulichofanya ni kufagia uani.

Mimi nilipangiwa mzee mmoja aliyekuwa fundi saa, na mtaa mzima mpaka leo unamwita Fundi. Ni mjane. Anaishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, na meza yake ya kazi bado iko chini ya dirisha, imejaa vifuniko vya chupa vyenye skrubu ndogo kama chembe za mchanga. Nilikuwa nakwenda kwake kila Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Nilifua, nilipika uji, nilimsomea gazeti. Na ana maneno yule mzee! Siku ya kwanza aliniuliza chuo kinanifundisha nini, nikamjibu kwamba kinanifundisha kusaidia watu. Akasema basi nianze kwa kukaa, maana kumtazama mtu aliyesimama kunamchosha. Kila jioni alikata siku iliyokwisha kwenye kalenda ya ukutani kwa penseli. Alisema mtu aliyetengeneza saa za wenzake miaka hamsini hawezi kuiacha siku iondoke bila kuiaga.

Wiki tatu zilizopita Fundi alianguka. Jirani yake, dobi, ndiye aliyemkuta Jumamosi alasiri. Alikuwa sakafuni kati ya jiko na mlango, nyonga imevunjika, midomo imekauka hata sauti haitoki. Alipopata nguvu hospitalini aliwaeleza kwamba alianguka Ijumaa alfajiri akienda kuchemsha maji. Alisema mwanzoni hakuhangaika sana, kwa kuwa alijua binti wa chuo angefika saa mbili. Saa ya ukutani ilipogonga saa mbili alijiburuta kidogo kuelekea mlangoni, ili nikifungua nisipate shida kumwona. Ikagonga saa tatu. Ikagonga saa sita. Baada ya hapo, alisema, aliacha kuisikiliza.

Binti yake wa pekee, anayeishi mbali, alifika Jumapili akataka kujua nani alikuwa na baba yake siku ya Ijumaa. Muuguzi wa mtaa akaenda chuoni, akapewa daftari langu. Limeandikwa wazi: Ijumaa, saa mbili hadi saa sita, nimempikia uji, nimefagia, tumecheka sana habari za mteja aliyeleta saa isiyo na mashine ndani akalalamika kwamba inachelewa. Nimejifunza kwamba wazee wanahitaji kusikilizwa kuliko kuhudumiwa. Na pembeni ipo sahihi ya Fundi mwenyewe, ile ya mkono unaotetemeka, ambayo hakuna mtu angeweza kuiiga.

Basi wakaamua kwamba mzee alianguka Jumamosi asubuhi, na kwamba akili yake imeanza kuchanganya siku. Dobi aliwaambia kalenda imekatwa mwisho Alhamisi. Wakasema ndiyo hivyo, anasahau hata kukata. Kila Fundi alivyoshikilia neno lake ndivyo daktari wa hospitali alivyozidi kuandika kwenye faili. Binti yake si mtu mbaya, mama, analia mpaka macho yamevimba. Lakini ameshaona kwamba baba yake hawezi tena kuachwa peke yake. Nyumba itafungwa, vifaa vitagawiwa, naye apelekwe nyumba ya wazee, upande wa waliopotewa na kumbukumbu, ambako milango hufungwa kwa nje. Kikao cha kuamua ni Jumatano ijayo, saa nne asubuhi, hapo hospitalini. Fundi ameniambia mwenyewe kwamba nyonga inaweza kuvunjika mara mbili na asilie, ila hilo la kufungiwa mlango hataliweza.

Huku darasani mhadhiri alisoma maneno yangu ya Ijumaa mbele ya wote, kama mfano wa mwanafunzi aliyehudumu kwa moyo. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Huenda umeshaanza kuhesabu kwa vidole, mama. Hesabu tu, hukosei. Ijumaa ile nilikuwa kwako. Ndiyo siku uliyonipima gauni la harusi ya kaka, ukanizungushia futi kiunoni ukaniambia nimekonda. Nilikudanganya kwamba chuo kimetupa ruhusa ya siku mbili. Hakikutupa. Madaftari yalitakiwa kukusanywa Ijumaa hiyo hiyo mchana, nami nilikuwa nimepungukiwa saa nne. Kwa hiyo Jumanne, kabla sijaondoka kwa Fundi, nilimfungulia daftari nikamwambia ni fomu za chuo, nikamwekea kidole nikisema hapa, na hapa. Hakuwa amevaa miwani. Akasaini mistari miwili, wa siku ile na wa Ijumaa ambayo ilikuwa bado haijafika. Alhamisi niliijaza hiyo Ijumaa nikiwa nimejilaza kitandani, wala haikunichukua dakika kumi. Kile kichekesho cha saa alinisimulia mwezi uliopita. Daftari nikamwachia mwenzangu wa chumbani akanikabidhie, nikapanda basi kuja kwako. Wakati unanipima, mama, mzee wa watu alikuwa sakafuni ananisubiri.

Nisijifanye mtu mwema. Nilipopata habari nilikaa kimya siku kumi nzima. Nilikuwa najiambia kwamba amepona, yaliyopita yamepita, nikisema nitafukuzwa chuo na wewe umeshawatangazia wateja wako wote mwezi wa kuhitimu kwangu. Siku walipoanza kutaja milango inayofungwa kwa nje ndipo nikafungua mdomo, na kumbe nilikuwa nimechelewa. Nilikwenda kwa mhadhiri nikamweleza yote. Alinitazama kwa huruma. Alisema anaelewa, nimempenda mzee kiasi cha kutaka kujitoa kafara asipelekwe, na kwamba hisia hizo niziandike kwenye daftari kwani ndiko kujifunza kwenyewe. Nikamfuata binti yake. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru, akasema hawezi kukubali nijiharibie masomo kwa ajili ya baba yake. Mwenzangu wa chumbani anajua kwamba nilisafiri. Lakini na yeye siku zake zilisainiwa mapema, na nusu ya darasa hali kadhalika, hivyo ameniambia nisimtie kwenye kesi yangu, yeye hakuona kitu.

Nikabaki na Fundi mwenyewe. Jana mchana nilipiga magoti kando ya kitanda chake, nikamwambia sikuja. Nikamweleza nilivyomwekea kidole Jumanne ile, hapa na hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye dari.

"Usinitetee, mwanangu," akasema. "Sahihi ni yangu. Hata nimeshaanza kukumbuka ulivyokuwa unafagia."

Kisha akanisimulia Ijumaa yangu. Uji, ufagio, mteja na saa yake, neno kwa neno kama nilivyoandika, kwa sababu wamemsomea mara nyingi ili akubali. Alisema amepiga hesabu zake zote za saa ile ya ukutani akaona lazima aliota. Akaniomba radhi kwa kunisingizia kwamba sikufika. Mama, aliniomba radhi mimi. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi za hospitali, nikalia mpaka mfagizi akaniambia nisogee adeki. Nimemwibia mzee siku moja, na sasa yeye mwenyewe ananisaidia kuificha.

Sijui tena pa kwenda. Ukweli nimeusema mara tatu na kila mara umegeuzwa kuwa wema wangu. Hakuna anayeweza kuuthibitisha isipokuwa wewe. Kwenye daftari lako la vipimo uliandika jina langu na tarehe ile kwa mkono wako, juu ya vipimo vya mama mkwe wa kaka, na wewe hujawahi kukosea tarehe kwa kuwa wateja ni wabishi. Nakuomba uje nalo Jumatano. Uwe hapa kabla ya saa nne, usimame mbele ya daktari na mhadhiri, useme nilikuwa wapi. Najua nakuomba nini. Nakuomba uje kunifukuzisha chuo kwa kinywa chako, tena baada ya kugundua kwamba hata wewe nilikudanganya. Waliosema mchuma janga hula na wa kwao hawakukosea, nami nakuletea sahani yako huku naona haya. Nikasirikie, nipige ukipenda, lakini unipige baada ya saa nne.

Usimwambie baba mpaka uwe umeshapanda basi. Akijua mapema atataka kuja yeye, na yeye ataanza kunitetea. Kaka mwambie asiahirishe chochote, na lile gauni mpe binamu, viuno vyetu ni sawa. Wasalimie jirani zetu wote, wakiuliza lini nahitimu waambie bado. Mguu ukikuuma njiani uombe kiti cha mbele.

Mimi mwanao,
niliyekuwa nawe Ijumaa.