Niambie Imeishia Wapi

Dada Atupele,

Nimeandika habari za watu wengi magazetini, lakini zako sijawahi kuziandika. Ungenisahihisha. Tangu tukuzike, kila anayekutaja huanza na ualimu wako. Mimi naanza na transmita.

Ilikuwa miaka ile redio binafsi zilipoanza kuruhusiwa. Za Dar tulizijua kwa masimulizi ya waliorudi likizo. Mawimbi yake hayakufika kijijini kwetu Kyimo. Wewe ukaagiza pakiti ya vifaa vya kuunda mtambo wa kurushia sauti: kibao chenye matundu, transista, koili na karatasi ya maelekezo. Umeme hatukuwa nao; mtambo ulitumia betri, na ukalehemu kwa chuma ulichokipasha kwenye jiko la mkaa.

Mama alikuwa amevunjika nyonga, amelala nyumbani, ng'ambo ya bonde kutoka kanisani. Kwaya aliyoianzisha yeye ingeimba Jumapili ya mavuno bila yeye kwa mara ya kwanza. Ulimwambia ataisikia. Hakuuliza kwa njia gani. Alikuamini tu, na hilo ndilo lililokunyima usingizi.

Mchungaji aliuliza kama serikali haitagomba.

"Serikali haitatusikia, mchungaji," ulimjibu. "Hata Mama hatusikii bado."

Kazi yangu ilikuwa kutembea na redio bondeni huku wewe ukihesabu kwenye kipaza sauti kule kanisani. Siku ya kwanza nilirudi nikakwambia inasikika vizuri.

"Vizuri ni wapi? Sikukutuma ukanisifu. Niambie imeishia wapi."

Nikashuka tena. Iliishia kwenye kisima cha akina Tumaini.

"Haya. Hiyo sasa ni habari."

Ukaongeza hatua ya pili ya kukuza nguvu, na transista yake ukaipoza kwa bati la kopo la mafuta ya kula. Sauti ikavuka kijito, ikapanda hadi kwenye mashamba ya chai. Kisha mvua ikanyesha, kama kawaida yake, na sauti ikarudi kisimani. Ulikagua kila kiungo, hukuona kosa. Baba Tumaini alikuwa akipalilia migomba yake, akacheka.

"Atupele, wewe piga kelele tu! Itafika mapema kuliko hiyo mitambo."

Jumamosi ulikwenda kumwambia Mama ukweli. Alikusikiliza, akauliza waya wa antena umeutundika kwenye nini. Mwanzi, ulisema, tumeukata wiki hii.

"Mwe! Mwanzi mbichi? Nani anajenga kwa mwanzi ambao haujaonja moshi?"

"Mama anazungumzia fukusi wanaotoboa mianzi," nilikunong'oneza.

"Najua." Ulianza kucheka, ukakatisha. "Lakini mwanzi ule umejaa maji, na waya nimeulaza juu yake kutoka chini hadi kileleni. Maji yanaimeza sauti."

Mama akasema tuchomoe mmoja wa dari ya jikoni. Ulikuwa umekaa juu ya moto tangu tukiwa wadogo, mweusi, mkavu, mwepesi kama bua. Tuliusimamisha kando ya kanisa jioni ile ile, na safari hii ukautenga waya na mwanzi kwa vipande vya kandambili.

Jumapili mvua ilinyesha. Mimi nilikaa kitandani kwa Mama na redio. Ilikwaruza, ikanyamaza, halafu ukaingia wewe: "Mama, kwaya inasimama."

Aliwasikiliza kwa macho yaliyofumbwa, kidole kikipiga mapigo juu ya blanketi. Wimbo ulipokwisha alisema, "Wa sauti ya tatu wamechelewa kuingia." Kisha akaigeukia redio, si mimi, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu."

Ulikuja mbio baada ya ibada, tope hadi magotini. Hukusalimia.

"Imeishia wapi?"

"Imefika kwa Mama. Wa sauti ya tatu walichelewa kuingia."

Hapo ndipo ulipojua sikusifu. Ulikaa kizingitini, ukacheka mpaka Mama akauliza kuna nini.

Swali lako nimewauliza mawaziri na wakandarasi maisha yangu yote ya kazi. Wengi wao hujibu kwamba inasikika vizuri. Sasa nalitumia kwako. Nimekutana na wanafunzi wako Nkunga, Igogwe, Mbeya na Dar. Mmoja ni fundi mitambo wa redio, na aliponiambia nani alimfundisha kulehemu sikumwambia kwamba wewe ni dada yangu mpaka alipomaliza kukusifu. Nilitaka nisikie yote.

Naendelea kutembea, dada. Unapoishia sijapafikia.

Mdogo wako,
mbeba redio